Puta ya bei mbaya: mwongozo kamili kabla hujatoa pesa

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, Mombasa hadi St Andrews. Simama mita 3 kutoka shimo hilo, elekeza puta, ile fimbo ya kubingirishia mpira shimoni, katikati yake, kisha uso wa puta ukengeuke digrii 1 tu wakati unagusa mpira. Mpira utafika ukiwa umehama sentimita 5 na ushei, yaani mdomoni kabisa mwa shimo. Ukiwa umeupiga taratibu huenda ukatumbukia. Ukiwa umeuongezea nguvu kidogo, utazunguka mdomo na kutoka, nawe utashika kiuno kama kawaida yetu. Digrii 1 ni mwendo wa mkono mrefu wa saa kwa sekunde 10.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe. Muuzaji wa puta ya dola 500 atakusimulia chuma cha Ujerumani, mashine za kuchonga na majina ya mabingwa. Mengi ni ya kweli na tutayafikia. Lakini unachonunua ni kitu kimoja: uso unaorudi kwenye mpira ukiwa umenyooka, mikononi mwako wewe, mara nyingi zaidi kuliko puta uliyo nayo sasa. Kama hairudi, umenunua pambo.

Maneno kwanza, tusipotezane. Ninasema puta kama wasemavyo makedi wetu, wale wanaotubebea mikoba, ingawa kwa Kiswahili cha wazee kuputa ni kumchapa mtu kwa fimbo, jambo ambalo mpira wa gofu hautaki kabisa. Ncha ya kichwa ni upande ulio mbali na miguu yako, kisigino ni upande wa karibu. Shafti ni mti wa puta, na shingo ni pale shafti inapoungana na kichwa. Gripu ni sehemu ya juu ya kushikia. Puta nyembamba ya kizamani nitaiita bapa. Ile yenye kichwa kikubwa kinachojaa nyuma nitaiita nyundo.

Hatua ya 1: Pima puta uliyo nayo

Watu huruka hatua hii, na ndiyo maana wanabadilisha puta kila Krismasi. Nenda grini ya mazoezi, lile eneo la majani mafupi lenye mashimo, asubuhi kabla watu hawajajaa. Beba tii mbili (vile vijiti vya kuwekea mpira), rula, mipira 10 ya aina unayochezea siku zote, kalamu ya ubao mweupe na daftari.

Tafuta sehemu tambarare. Weka alama ardhini utakapokuwa ukiweka mpira, kisha mbele yake sentimita 50 chomeka tii mbili zikiachana sentimita 6. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67, kwa hiyo unabaki na nafasi ya karibu milimita 9 kila upande, na kwa umbali huo milimita 9 ni sawa na ile digrii 1. Lango hilo halina huruma wala upendeleo. Piga mipira 20. Andika mingapi imepita bila kugusa, na iliyogusa imegusa tii ipi.

Kisha chora doa zito la kalamu nyuma ya mpira, mahali puta itakapogusa. Doa litahamia kwenye uso wa puta na kukuonyesha ulipopiga. Rudia mara 10, ukiutazama uso kila mara kabla ya kulifuta kwa kidole.

La mwisho ni umbali. Usilenge shimo. Weka taulo mita 5, kisha 9, kisha 13, na upige mipira mitano kila mahali ukijaribu kuifikisha usawa wa taulo. Pima nafasi kati ya mpira uliofika karibu zaidi na uliokwenda mbali zaidi. Urefu wa puta yenyewe unatosha kuwa kipimo.

Sasa soma daftari lako. Kama unagusa tii ya upande mmoja tu, tatizo linaweza kuwa umbo, shingo au mizani ya puta, na hapo puta nyingine inaweza kusaidia kweli. Kama unagusa kulia na kushoto bila mpangilio, pesa hizo mpelekee mwalimu kwanza, au jaribu gripu nene zaidi. Kama madoa yametapakaa usoni kuanzia ncha hadi kisigino, unahitaji kichwa kinachosamehe, yaani kisichopotosha sana mpira uliogongwa pembeni. Na kama lango unalipita vizuri ila umbali unakushinda, angalia uzito na uso, huku ukikubali kwamba dawa kubwa hapo ni mazoezi.

Bila namba hizo, kila puta utakayoishika dukani itakuwa nzuri. Kipya kinyemi kingawa kidonda.

Hatua ya 2: Urefu, kabla hujatazama jina

Puta yangu ya kwanza ya bei mbaya niliinunua mtumba. Bapa inayong'aa, jina kubwa, inchi 35. Sikuuliza urefu, nilikuwa nimelewa jina. Mwaka mzima nilikuwa nikiishika chini ya gripu, na sehemu iliyobaki juu ikikwaruza fulana tumboni. Niliiuza kwa hasara kwa mtu mrefu, na tangu siku hiyo anapita pale klabuni akinishukuru.

Madukani utakuta zaidi inchi 34 na 35, na 33 ukitafuta. Usichague kwa kimo chako. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono ya urefu tofauti, na mmoja akainama zaidi ya mwenzake. Simama kama unataka kupiga, acha mikono ining'inie yenyewe kutoka mabegani, viganja vikutane, na mwenzako apime kutoka sehemu ya juu ya mikono hadi chini. Ongeza kidogo kwa ajili ya mwisho wa gripu. Kisha hakiki macho: ukiwa umesimama hivyo, shika mpira wa pili kwenye daraja la pua na uuachie. Ukiangukia juu ya mpira ulio chini, au ndani kidogo upande wa miguu yako, uko sawa. Ukiangukia nje ya mpira, umejikunja mno au puta ni fupi. Ukiangukia mbali ndani, puta huenda ni ndefu na inakusukuma nyuma.

Fundi atakuambia urefu si shida, anakata. Ni kweli anakata, lakini ukikata inchi nzima kichwa kinakuwa chepesi mkononi na puta inapoteza ule mtiririko wake. Hapa puta za bei ya juu zina faida halisi: nyingi zina skrubu za uzito chini ya kichwa zinazobadilishika, na watengenezaji wazuri huweka uzito mkubwa kwenye puta ya inchi 33 kuliko ya 35. Kwa hiyo agiza urefu wako tangu mwanzo, au uhakikishe uzito mbadala unapatikana kabla hujapeleka puta kwa msumeno.

Kuhusu pembe ya shafti na ardhi, wengi wanaogopeshwa bure. Kichwa kikiinuka ncha kwa digrii 2 kwenye puta ya kawaida yenye mwinuko wa uso (uso ulivyolala kutazama juu) wa digrii 3, mpira unaelekezwa pembeni kwa sehemu ya kumi ya digrii hivi, nusu sentimita kwa mita 3. Kinachoumiza ni jicho: puta isiyokaa sawa chini inakufanya ulenge vibaya bila kujua, na kisigino kinaweza kukwama kwenye majani.

Hatua ya 3: Bapa au nyundo

Karsten Solheim, mhandisi aliyezaliwa Norwe na kufanya kazi General Electric nchini Marekani, alikuwa mchezaji asiyeridhika na puta zake. Mwaka 1959 alitengeneza moja nyumbani ambayo ikigusa mpira inalia ping, na jina la kampuni likazaliwa hapo. Mwaka 1966 alichora umbo jipya kwenye jalada la santuri. Alitaka kuiita jibu, kwa Kiingereza Answer, lakini neno halikutosha kwenye chuma, na mkewe Louise akashauri waiondoe herufi W. Ndiyo Ping Anser.

Wazo lake lilikuwa kuhamisha uzito kutoka katikati ya kichwa na kuupeleka kwenye ncha na kisigino. Mtazame muuza maji mwenye mzega begani, ndoo moja kila upande. Jaribu kuuzungusha mzega huo ghafla, hauzunguki kirahisi. Fito ileile bila ndoo unaizungusha kwa kidole. Kichwa chenye uzito pembeni hakipindi sana mpira ukigonga nje ya kitovu, na kwa hiyo mwelekeo na umbali vinaharibika kidogo tu.

Hataza ya Solheim ilipoisha, kila kampuni ikachukua umbo lile. Newport 2 ya Scotty Cameron, aliyoitumia Tiger Woods kushinda mashindano makubwa 14 kati ya 15 aliyoshinda, ni mtoto wa Anser. Bapa nyingi za Bettinardi, za Ping PLD na za mafundi wadogo ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo ukishaamua kuchukua bapa, usipoteze miezi ukilinganisha majina. Tofauti kati yao ni shingo, uzito, kona za kichwa zimekatwa kali au zimeviringwa, na sauti. Chagua ile inayotulia machoni mwako.

Uamuzi mzito ni bapa dhidi ya nyundo. Nyundo inausogeza uzito pembeni na nyuma pia, hivyo inasamehe zaidi, na ina nafasi ya kuchora mistari mirefu ya kulengea. Odyssey walipotoa Two-Ball mwaka 2001, zile duara mbili nyeupe nyuma ya uso zilipangana na mpira wenyewe kuwa mstari mmoja wa duara tatu, na watu waliokuwa wakilenga ovyo wakaanza kulenga. Scottie Scheffler aliutesa ulimwengu kwa mashuti yake huku puta ikimwangusha, hadi Machi 2024 alipochukua Spider ya TaylorMade na kushinda mashindano ya Bay Hill wiki hiyohiyo. Mwezi uliofuata akashinda Masters, moja ya mashindano makubwa manne. Rory McIlroy alikamilisha mkusanyo wa mataji yote manne makubwa pale Augusta, uwanja wa Masters, mwaka 2025 akiwa na Spider pia.

Maoni yangu, na najua wapenzi wa bapa watakunja uso: mchezaji mwenye handikapu (kipimo cha uwezo, kikubwa ni dhaifu) ya zaidi ya 10 aanze na nyundo, na aiache tu kama daftari lake linamkataza. Sababu wanazotoa wengi za kuikataa ni za urembo. Zipo za maana pia. Baadhi ya watu hupoteza hisia ya umbali wakiwa na kichwa kikubwa, na mstari mrefu huwafanya wengine wakauke kama mti kwa kuogopa kuupinda.

Kulenga kunapimika. Jipange kwa shimo la mita 3, ulenge, kisha ugande. Kedi au rafiki alaze rula ikigusa uso wa puta, aweke ya pili ikiwa pembemraba nayo, na atazame inaelekea wapi. Utashangaa. Kuna puta utakayolenga nayo nje ya shimo kila mara huku ukiapa umelenga katikati. Rudia mara tano kwa kila puta, ukiondoka na kujipanga upya. Puta unayolenga nayo vibaya iondoe kwenye orodha papo hapo hata kama ni nzuri kama nini, kwa sababu mwili utaanza kufidia kosa hilo na utajifunza kupiga vibaya kwa ustadi.

Hatua ya 4: Mizani ya kichwa

Laza shafti juu ya kidole kimoja karibu na kichwa, puta itulie. Uso ukitazama juu angani, puta imesawazishwa uso. Ncha ikianguka chini, ina uzito wa ncha, kidogo au sana. Zamani somo lilikuwa jepesi: puta yako ikienda kwa upinde, chukua ya kuanguka ncha, ikienda moja kwa moja, chukua iliyosawazishwa. Ichukue kanuni hiyo kama mahali pa kuanzia tu. Nimeona watu wa upinde mkubwa wakipita lango na puta iliyosawazishwa, na kinyume chake. Kinachoaminika zaidi ni lile daftari. Kama ukiwa na bapa yako unagusa tii ya kulia (kwa mpigaji wa mkono wa kulia), uso unachelewa kufunga, yaani unafika kwenye mpira bado ukitazama kulia. Jaribu puta ambayo ncha yake inaanguka kidogo zaidi au kidogo pungufu, na uone ipi inarudisha uso.

Kisha kuna puta zilizovuruga soko katika miaka hii, zile zisizotaka kujizungusha zenyewe mkononi. Walioanza kelele ni L.A.B. Golf wa Oregon. Kichwa chao kimesawazishwa kwenye pembe yako hasa ya kusimama, kwa hiyo puta ikiachiwa haigeuki kufungua wala kufunga. Wakati J.J. Spaun alipozamisha mpira wa futi 64, karibu mita 20, kwenye shimo la mwisho la Oakmont na kushinda US Open mwaka 2025, alikuwa na DF3 yao, dude linalofanana na kifaa cha maabara. Odyssey, PXG na Bettinardi nao sasa wana za kwao.

Je, zinafaa? Kwa mtu anayegusa tii za pande zote mbili kwa sababu mikono inapindapinda, ndiyo, mara nyingi zinatuliza. Kwa mwenye mikono tulivu mabadiliko ni madogo, na wengine hulalamika kwamba puta imekufa ganzi. Kwa sababu kila kitu kimesawazishwa kwenye pembe moja, hapa ile pembe ya shafti niliyoidharau juu inarudi kuwa muhimu. Jambo jema kwa sisi tulio mbali na mafundi wa vipimo: L.A.B. wanapokea video ya simu na kukupangia urefu na pembe.

Hatua ya 5: Chuma, uso na sauti

Kichwa cha puta hupatikana kwa kusubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu, au kwa kuchongwa na mashine kutoka pande moja la chuma. Ya kuchongwa ni ghali kwa sababu mashine inakula muda na chuma kingi kinabaki chini kama chenga. Unachopata ni usahihi wa vipimo, kona safi na uzuri wa kutazama. Hupati mipira zaidi shimoni kwa sababu hiyo tu. Spider ni mkusanyiko wa sehemu mbalimbali wala si pande moja, na mabingwa hawajali.

Hisia tunayoisifu mkononi kwa kiasi kikubwa ni sauti. Ziba masikio upige, utaona puta zinafanana ghafla. Uso uliochongwa mikwaruzo ya kina hulia kwa upole, uso laini hulia kwa ukali, na ule wenye kipachiko cha plastiki, kama White Hot ya Odyssey, hulia kwa sauti ya chini kabisa. Mpira nao una sauti yake. Ndiyo maana nilisema ubebe mipira yako. Mpira mgumu wa bei rahisi kwenye uso mkali ni kama kugonga sufuria. Evnroll wanachonga mifereji ya upana tofauti usoni ili mpira uliogongwa pembeni usipungue umbali. Wazo ni zuri, na kama madoa yako yalitapakaa, waweke kwenye orodha.

Wenzangu wa pwani, hapa nisikilizeni. Chuma cha kaboni kina sauti tamu na rangi nyeusi inayovutia, na kinashika kutu. Ukiwa Limuru utakifuta mafuta mara moja moja. Ukiwa Nyali, Dar au Muscat, hewa ya chumvi na jasho la mkono vitakiwahi. Kila baada ya mchezo kifutwe kikavu na kupakwa mafuta mepesi, wala kisilale ndani ya kifuniko chenye unyevu. Kama unajijua mvivu, chukua chuma cha pua, kile cha 303, na maisha yaendelee.

Hatua ya 6: Mashindano ya siku mbili

Kwa sasa orodha imepungua hadi puta mbili au tatu. Ziombe kwa majaribio kutoka duka la klabu, kwa wachezaji wenzako, au kwa mwalimu, na uzipeleke kwenye grini unayochezea. Zulia la dukani halina mteremko, halina majani, na mpira unateleza juu yake kama barafu. Hata Kenya Open inapokuja Muthaiga au Karen, wageni wenye puta walizozizoea miaka mingi hutumia siku nzima kujifunza grini kabla ya kupiga hata shuti moja la mashindano.

Grini za kwetu nyingi ni za polepole kuliko za televisheni. Kasi ya grini hupimwa kwa kifaa cha Stimp, mfereji unaouachia mpira ubingirike na kuhesabu futi. Klabu ya kawaida ikiwa kwenye 8 au 9 iko vizuri, wakati mashindano ya juu hufika 12 na zaidi. Grini ya polepole yenye majani marefu inataka mwinuko wa uso kidogo zaidi ili mpira utoke kwenye kibonde cha majani ulimokaa, kwa hiyo puta ya digrii 2 iliyotengenezwa kwa ajili ya vioo vya Augusta inaweza kuukwaza mpira wako mwanzoni. Kwenye nyasi za bermuda za pwani, piga pande zote mbili, majani yakilala kuelekea shimo na yakilala kukutazama. Tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya puta.

Sasa rudia Hatua ya 1 yote kwa kila mshindani, na ile ya zamani iwe mshindani kamili mwenye haki zote. Mipira 20 langoni, 10 ya madoa, 15 ya umbali. Badilisha zamu kila baada ya mipira mitano ili uchovu usimwonee mmoja. Mwambie mwenzako aandike, wewe usione namba. Kisha lala. Rudi baada ya siku tatu au nne ufanye tena kwa mpangilio uliogeuzwa. Siku ya kwanza puta mpya hushinda karibu kila mara, kwa sababu unakazia akili kitu kipya. Siku ya pili ndiyo inasema.

Ushindi wa mpira mmoja au miwili kati ya 20 si kitu. Unaweza kutokea kwa bahati. Ninachotafuta ni puta inayopita lango kwa wazi siku zote mbili, au inayolingana na ya zamani langoni lakini inapunguza mtawanyiko wa umbali kwa kiasi unachokiona kwa macho. Hakuna hata moja iliyofanya hivyo? Umeokoa dola 500 na bado una gripu mpya ya kununua.

Hatua ya 7: Kununua bila kuibiwa

Bei za Marekani, zikiwa mpya: Spider na Odyssey nyingi hukaa kati ya dola 300 na 400, Scotty Cameron, Ping PLD na Bettinardi za kawaida 400 hadi 500 na kidogo, L.A.B. ya vipimo vyako hupita 500. Ongeza nauli na ushuru, na uulize ushuru huo kabla ya kuagiza, si baada ya simu kutoka uwanja wa ndege. Matoleo ya wakusanyaji yako dunia nyingine: mwaka 2021 puta ya akiba ya Tiger Woods iliuzwa mnadani karibu dola 393,000. Kile si chombo cha kuchezea tena.

Kwa upande wa kuuza tena, Scotty Cameron huhifadhi thamani yake vizuri kuliko wengi, na hiyo ni sababu halali ya kuichagua pale washindani wanapolingana. Kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Rafiki yangu alinunua moja mtandaoni kwa theluthi ya bei. Ilikuja na kifuniko kizuri, karatasi nzuri, na rangi iliyomwagika nje ya herufi kidogo tu. Alicheza nayo miezi sita akiisifu sauti yake.

Kwa mtumba, omba picha za uso, za chini ya kichwa, za shingo na za ukingo wa gripu, zikiwa zimepigwa leo. Zilinganishe na picha za mtengenezaji: kina cha herufi, nafasi kati ya nukta, mikwaruzo ya uso. Ipime kwenye mizani ya jikoni kama unaweza kutoa kichwa au unajua uzito kamili wa puta nzima. Beba sumaku ndogo: chuma cha pua cha 303 hakivutiwi sana na sumaku, kwa hiyo kichwa kinachodaiwa kuwa cha 303 kikiing'ang'ania sumaku, ondoka. Jaribu kichwa peke yake, shafti itanata hata ikiwa halali, na usiihukumu puta ya kusubu au ya chuma cha kaboni kwa kipimo hiki.

Kagua pia kama shafti imekatwa au imeongezwa kipande juu. Gonga mwisho wa gripu usikilize. Kipande cha kuongezea kina mlio wake.

Baada ya kuileta nyumbani

Gripu ya dukani si amri. Nene hutuliza viganja, nyembamba humpa hisia mwenye mikono tulivu, na zote zina uzito tofauti unaobadilisha mizani ya kichwa, kwa hiyo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha gripu, rudi langoni kabla hujagusa skrubu za uzito.

Kwa miezi mitatu usiguse kingine. Fanya lango la mipira 20 mara moja kwa wiki, tarehe na namba kwenye daftari lilelile. Ile puta ya zamani iache nyuma ya mlango. Siku namba zitakaposhuka wiki tatu mfululizo, itoe, ipitishe langoni mara 20. Ikiwa nayo imeshuka, puta mpya haina kosa.